Nundu Kwenye Uwanja wa Mwezi

Dada yake Kishindo alikuwa amewatangulia. Gari la polisi lilipokata kona ya mwisho, Inspekta alimwona amekaa juu ya jiwe nje ya lango la waya, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni, kama mtu aliyemwacha mteja amesimama katikati ya chumba na kutoka mbio.

"Nilikuomba ubaki nyumbani," Inspekta alisema akishuka.

"Nilibaki. Nyumba ikanishinda."

"Umekuja na nini?"

"Na miguu."

Koplo, aliyekuwa akifunga mlango wa gari, alicheka kidogo halafu akajuta. Uso wa yule dada haukuwa wa kuchekewa. Macho yalikuwa yamezama ndani na midomo imekauka kwa vumbi la njiani.

"Leo mnamtafuta yeye au mnatafuta baruti?" aliuliza.

"Vyote viwili."

"Basi Mungu ajalie mvikute pamoja." Alimwona Inspekta anamkazia macho. "Usinitazame hivyo, mama. Yule nimemlea mimi tangu mama yetu atutoke, najua ninachosema. Mkimkuta na baruti za watu mkononi, mfungeni. Nitampelekea chakula, nitamfulia mashati. Mwizi huwa ana siku ya kutoka."

Inspekta alimgusa bega, akapita langoni.

Mkuu wa kituo alikwisha kulimaliza jambo hili kichwani mwake. Mlipuaji wa baruti, kijana ambaye wenzake walimbandika jina la Kishindo, alitoweka kazini, na nusu ya boksi la baruti ikatoweka siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtu na mzigo vimeingia mitini pamoja, kilichobaki ni kumnasa. Nyumba ya dada yake ilipekuliwa mpaka godoro likachanwa. Dereva mmoja wa lori aliapa kuwa alimpakia kijana mwenye begi zito, asiyetaka kusema anakwenda wapi. Inspekta na Koplo walimfuata huyo kijana mpaka mji wa tatu, wakamkuta. Alikuwa kinyozi. Ndani ya begi mlikuwa na mashine za kunyolea, na hakutaka kusema anakwenda wapi kwa sababu alikuwa anamkimbia mama mkwe.

Hapo uzi ulikatika. Wengine kituoni waliliacha faili lilale. Inspekta, ambaye nyuma ya mgongo wake walimwita Kobe, alisema angalau arudi mahali kijana alipoonekana mara ya mwisho, akapatazame taratibu.

Mahali penyewe zamani palikuwa machimbo ya kokoto. Mashine za kusagia mawe zilipoondoka ziliacha vumbi la kijivu linalofika kwenye vifundo vya miguu, na mashine moja chakavu iliyokufa ng'ambo ya pili ya uwanja, ikiota kutu. Kisha taasisi moja ya utafiti ikapachukua pajengwe mwezi. Si mwezi wote. Kasoko moja tu, lile shimo kubwa linalochimbwa na kimondo kikianguka, pamoja na nchi inayolizunguka, ili kigari chao cha magurudumu sita kijifunze kutembea hapa kabla ya kupelekwa huko.

Inspekta alisimama ukingoni akatazama. Katikati ya uwanja kulikuwa na bakuli ambalo mtaa mzima ungeingia. Kuta zake zilishuka kwa ngazi, moja chini ya nyingine, kama ardhi iliyoteleza ikajishika, ikateleza tena. Chini kabisa, pale ambapo mtu angetegemea pawe patupu, palisimama vilima vitatu vilivyosogeleana. Ukingo wa bakuli ulikuwa umeinuka, na nje yake mawe makubwa yalitawanyika ovyo, na baada ya mawe, vibakuli vidogo vilijipanga mistari mistari kuelekea pande zote. Michirizi ya unga mweupe ilitoka kwenye bakuli kubwa, ikapita juu ya kila kitu, ikaishia kwenye waya. Hapakuwa na jani. Hata ndege walipita juu bila kutua.

"Afande, mimi hapa sikai hata kwa dawa," Koplo alinong'ona.

"Hakuna aliyekuambia ukae. Fungua macho tu."

Mhandisi aliwapokea kwenye kontena lililogeuzwa ofisi. Alikuwa mtu mwembamba, mchangamfu, na vumbi lilikuwa limempaka mvi asizokuwa nazo. Kumhusu Kishindo alijua machache. Siku kijana alipotoweka, yeye alikuwa mjini kuwapokea wageni waliokuja kukagua uwanja. Lakini kuhusu kasoko hakunyamaza.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema akiigusa picha kubwa ukutani. "Ilipigwa kutoka juu kabisa. Jiwe lilishuka, na kufumba na kufumbua nchi nzima ikawa hivi. Vilima vya katikati ni ardhi iliyobonyezwa ikaruka kurudi, kama tone la maji likidondoka ndani ya ndoo. Na hivi vishimo vidogo ni vya mawe yaliyorushwa na lile pigo. Huko hakuna upepo wala mvua. Alama ikishaingia, imeingia."

"Na nyinyi mmeiga kila kishimo?"

"Kila kimoja. Kigari kinaongozwa kwa picha hii. Kishimo kikikosekana, kigari kinapotea."

Inspekta alichungulia dirishani. Karibu na lango, kwenye mstari wa vibakuli vidogo, palikuwa na kitu ambacho hakikuwa bakuli. Kilikuwa kimevimba, mviringo, ukubwa wa gari dogo lililofunikwa turubai.

"Na ile?"

Mhandisi alishika kichwa. "Ile ndiyo aibu yangu. Vijana wanaiita Nundu. Pale palitakiwa shimo. Nilirudi na wageni wangu nikaikuta imesimama, nikatamani ardhi inimeze. Mnyapara akaniambia vijana waliishika picha juu chini."

"Juu chini ndiyo ikawa kilima?"

"Ngoja." Aliishusha picha ukutani, akaiweka mezani mbele yake. "Unaona mashimo?"

"Naona."

Akaigeuza. Inspekta alirudisha kichwa nyuma. Mashimo yalikuwa yametoweka. Bakuli kubwa lilikuwa limetuna kama mkate, na vile vidogo vyote vilikuwa vipele.

"Macho yamezoea mwanga utokee juu," Mhandisi alisema kwa furaha ya mtu anayeonyesha mchezo aupendao. "Hapa jua lilipiga kutoka upande mmoja. Ukigeuza picha, kivuli kinahamia upande usiotegemewa, basi akili inaamua kuwa shimo ni kilima. Hata wasomi huingia mkenge. Kwa hiyo sikuwagombeza sana."

"Mbona haijaondolewa?"

"Kila Jumatatu nawaambia waitoe. Kila Jumatatu kuna kazi nyingine ya haraka. Mnyapara ana maneno mengi."

Mnyapara aliitwa. Aliingia ameinama ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kutosha, kipenga kikining'inia kifuani. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa shingo, mwenye sauti laini ya kupaka mafuta.

"Shikamoo mama. Pole na safari. Mmekunywa hata maji?"

"Tumekunywa. Mara ya mwisho ulimwona wapi Kishindo?"

"Hapahapa. Asubuhi tumelipua naye vizuri, kazi safi. Saa za kula simwoni. Kwenda stoo, boksi la baruti nusu. Nikasema lahaula, kijana ametumaliza."

"Nani ana ufunguo wa stoo?"

"Mimi na yeye."

"Begi lake?"

"Halikuwepo kwenye kitanda."

"Mlilipua wapi siku hiyo?"

Alinyoosha kidole dirishani, mbali, upande wa ile mashine chakavu. "Kule."

"Na Nundu ilijengwa lini?"

"Ah, ile." Alicheka, akatikisa kichwa. "Vijana, mama. Vijana. Hiyo ilikuja baadaye sana. Wageni walikwisha kwenda zao."

Mhandisi alifungua mdomo, Inspekta akamkanyaga mguu chini ya meza. Mdomo ukafungwa.

"Asante, mnyapara. Kaa karibu, nitakuita."

Alipotoka, Mhandisi alisema, "Lakini wageni waliiona. Walipiga na picha mbele yake."

"Nimekusikia tangu mwanzo, bosi. Sikutaka yeye asikie kuwa nimesikia."

Inspekta na Koplo walitoka kutembea. Vumbi lile lilikuwa na tabia moja: halikusahau. Kila kiatu kilichopita kiliacha soli yake, kila toroli lilichora mfereji wake mwembamba. Koplo alianza kuhesabu aina za viatu, akachoka. Inspekta hakutazama viatu. Alitazama mifereji ya matoroli. Ilitoka kwenye lundo la vumbi karibu na lango ikikata moja kwa moja kuelekea bakuli kubwa, maana mtu aliyebeba mzigo hatafuti njia ya mapambo. Ilikata hata vibakuli vidogo, ikashuka na kupanda. Lakini ilipofika Nundu, yote ilipinda. Si toroli moja wala mawili. Njia nzima ilichora upinde mpana, ikaizunguka ile nundu kwa mbali, ikarudi kwenye mstari wake.

"Koplo, ungekuwa unasukuma toroli, ungepita wapi?"

"Pale kando yake. Pananitosha."

"Nani anakuzuia?"

Koplo aliangalia ule upinde mpaka akaacha kutafuna kile kijiti alichokuwa nacho mdomoni. "Hakuna," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Afande, wanapaogopa."

Vibarua walikuwa wanakula chini ya banda la mabati. Walipowaona polisi, mazungumzo yalikatika kama yamekatwa kwa mkasi. Inspekta aliomba kiti, akapewa ndoo iliyopinduliwa. Miongoni mwao alikuwepo mmoja aliyeitwa Redio, na Mhandisi alikwisha kuwatahadharisha kwamba huyo akianza kusema hakuna wa kumzima.

"Wewe ndiye Redio?" Koplo alimwuliza.

"Ndiyo, afande."

"Mbona leo hakuna matangazo?"

"Betri zimekwisha."

Mmoja alijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia, kicheko kikamfia mdomoni.

"Kishindo alikuwa mtu gani?" Inspekta aliuliza.

Walitazamana. Hatimaye Redio akasema, akiitazama sahani, "Alikuwa mwoga."

"Mlipuaji mwoga?"

"Ndiyo maana alikuwa mzuri. Baruti ikigoma kulipuka, alikuwa anatukalisha chini tusubiri mpaka tunamtukana. Tulimwita bibi harusi. Anasema, hii imelala, haijafa." Alisimama ghafla, akamwaga chakula chake kwenye ndoo ya makombo, akaenda zake. Wengine nao wakakumbuka kazi.

Inspekta na Koplo walirudi kwenye kontena. Inspekta aliketi mbele ya picha, akaigeuza juu chini, akairudisha, akaigeuza tena. Hivyo kwa muda mrefu, kama mtu anayekaanga kitu kisichoiva. Mhandisi alimtazama Koplo. Koplo akainua mabega.

"Bosi," Inspekta alisema mwishowe, "niigeuze picha kwa namna gani ili shimo hili moja liwe kilima na mengine yabaki mashimo?"

"Haiwezekani. Ukiigeuza, imegeuka yote."

"Ndivyo ninavyoona. Na juu ya picha ni upande gani wa uwanja?"

"Upande wa lango."

"Kwa hiyo aliyeishika juu chini angejenga vitu vya langoni wapi?"

Mhandisi alianza kujibu, akasita. Rangi ilimtoka usoni chini ya lile vumbi. "Kwenye mashine," alisema. "Ng'ambo."

"Mwite mnyapara."

Safari hii Mnyapara hakuinama alipoingia. Inspekta alimkabidhi picha.

"Ishike kama vijana walivyoishika."

Aliigeuza juu chini, bila wasiwasi.

"Nionyeshe Nundu."

Kidole chake kilizunguka, kikaenda mpaka chini ya karatasi, kikatua mahali penyewe hasa. Jasho lilikuwa limeanza juu ya mdomo.

"Kama picha ilikuwa hivyo mikononi mwao, hapo chini ni wapi nje?"

Mnyapara alijifuta jasho kwa kiganja.

"Ni kwenye mashine chakavu. Nundu iko langoni. Aliyeiweka alijua mahali pake sawasawa, picha yake haikugeuka hata kidogo. Na vile vibakuli vingine kando yake ni vizuri kabisa, hakuna kilichogeuka. Pale palikuwa na shimo, mnyapara. Palilipuliwa shimo, halafu likajazwa, likajazwa kupita kiasi. Mhandisi aliporudi mkahitaji sababu, na sababu hiyo mliipata kwake mwenyewe, maana mchezo wake wa kugeuza picha amewaonyesha wote."

"Kila mgeni," Mhandisi alisema kwa sauti ya kukauka. "Kila kibarua mpya."

"Na baruti zilizopungua stoo?" Inspekta aliendelea. "Hakuna aliyezibeba. Zililipuka. Ila si kule ulikonionyesha."

"Mama, mimi ni mtu wa amri tu," Mnyapara alisema. "Mimi hapa ni mtu wa kupuliza kipenga. Waulize vijana."

"Nitawauliza wakiwa wameshika makoleo."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande mmoja, na vivuli vilikuwa vimejaa ndani ya vibakuli. Inspekta aliwapanga vibarua kuizunguka Nundu. Aliwaambia neno moja tu: iondoeni. Hakusema kuna nini, hakusema polepole, hakusema mtafute nini.

Kwanza hakuna aliyenyanyua mkono. Mnyapara alisimama kando na Koplo, anatazama viatu vyake. Kisha Redio akatema mate pembeni, akachomeka koleo, na wengine wakafuata.

Walichimba kwa nguvu, kama watu wanaotaka siku iishe. Vumbi lilipanda likatua kwenye nywele zao. Nundu ilishuka, ikawa sawa na ardhi, ikaanza kuwa shimo. Hapo Inspekta aliona jambo ambalo alikuja kuliandika baadaye kwenye taarifa yake kwa mstari mmoja, na mkuu wa kituo akaukata mstari huo kwa kuwa, alisema, si ushahidi.

Makoleo yalisimama. Yote, kwa pamoja, bila mtu kusema. Kila mmoja aliweka lake chini taratibu, akapiga magoti, akaanza kuondoa vumbi kwa viganja.

"Nani kawaambia mtumie mikono?" Inspekta aliuliza.

Walizidi kukwangua vumbi.

"Redio."

Redio aliendelea kufukua huku akisema, na akishaanza kweli hakuzimika. "Ilikuwa asubuhi. Mwamba wa hapa mgumu, mnyapara akasema wekeni nyingi, wageni kesho. Kishindo akaweka. Kipenga kikapulizwa, tukajificha, hakuna kitu. Ikagoma. Kishindo akasema tukae. Mnyapara akasema bosi kesho anafika na wageni, shimo bado, utatukalisha mpaka lini, shuka ukaangalie. Akasema imelala. Mnyapara akasema wewe umezidi uoga. Na sisi..." Alifuta pua kwa mkono, akajichora mstari wa kijivu usoni. "Na sisi tukacheka. Tukamwimbia ule wimbo wa bibi harusi. Akashuka."

"Halafu?"

"Ikaamka. Ukingo wote ukamwangukia."

"Mlimfukua?"

"Tulianza. Ukatokea mkono."

"Ukatokea mkono, mkaacha?"

"Mnyapara aliushika. Akasema amekufa."

"Nani mwingine aliushika?"

Redio aliinamia vumbi. Wenzake nao wakazidi kuinama.

"Mnyapara akasema," Redio aliendelea baadaye, "uwanja ukifungwa sote tumemwaga unga. Akasema kila mtu atupe koleo lake. Alimwita hata mpishi. Alitaka asikosekane mtu. Begi lake tulilitia humuhumu. Basi tukatupa. Tulitupa tukazidisha, hatukutaka kuacha kutupa."

Viganja vilikuwa vimefika. Kilichotokea kwanza ni mkono, umenyooka juu kuliko sehemu nyingine zote za mwili, kama wa mwanafunzi anayetaka kuulizwa. Vumbi lile kavu lilikuwa limemtunza. Inspekta alishuka shimoni, akachuchumaa. Vidole havikuwa vimelegea. Vilikuwa vimekunjwa, vimefumbata udongo, na udongo uliokuwa ndani ya ngumi ulikuwa wa kijivu laini, wa juu, ule unaotupwa kwa koleo, si changarawe nyekundu ya mwamba uliolipuliwa.

Koplo aliona. Redio naye aliona; alikaa kitako hapohapo mavumbini, akatazama viganja vyake mwenyewe.

"Afande," Koplo alisema polepole, "hii maana yake alikuwa..."

"Hiyo atasema daktari."

"Lakini wewe unaona."

"Naona. Funga mdomo, Koplo."

Mnyapara alikuwa ametazama pia, kutoka juu. Alisema, kwa sauti yake ileile laini, "Mapigo sikuyasikia, mama. Nilishika hapa kwenye kifundo, sikuyasikia. Mikono yangu ina sugu."

Inspekta alipanda kutoka shimoni, akakung'uta magoti. Kazi iliyobaki aliijua kama njia ya kwenda kwake: kuzungushia utepe, kumwita daktari, kuandika maelezo ya mmoja mmoja. Aliijua pia mwisho wake. Wakili angewauliza koleo la nani lilimwua, na kila mmoja angesema kwa haki kabisa kwamba hajui. Wangesema mnyapara ndiye aliyeamuru. Mnyapara angesema taasisi ndiyo iliyotaka haraka. Taasisi ingesema haikuwepo. Uwanja ungefungwa kidogo, kisha ungefunguliwa. Kishimo hiki kingechimbwa upya, kwa kuwa kipo kwenye picha.

"Pingu tunazo jozi moja," Koplo alisema. "Nimfunge nani?"

Inspekta aliwatazama wale wanaume waliopiga magoti kuzunguka shimo, na Mhandisi aliyekuwa amesimama mbali ameegemea kontena, anatapika.

"Mfunge mnyapara. Wengine hawaendi popote. Wangetaka kwenda, wangekwisha kwenda zamani."

Hapo ndipo alipokumbuka kuwa lango lilikuwa karibu mno. Hatua chache tu kutoka Nundu mpaka waya. Dada yake Kishindo alikuwa ameinuka kwenye jiwe lake. Asubuhi nzima na mchana wote alikuwa amekaa pale, mgongo wake ukiielekea ile nundu, akiangalia barabara, maana barabarani ndiko mtu aliyekimbia angetokea. Sasa alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili. Kutoka pale asingeweza kuona ndani ya shimo. Aliwaona tu wanaume wamepiga magoti.

Inspekta alianza kumwendea. Alijitahidi kutembea kama mtu anayekwenda kuuliza kitu kidogo. Miaka yote hii kazini hakuwa amejifunza namna ya kutembea mwendo huo.

"Simama hapo, mama," yule dada alisema.

Inspekta akasimama.

"Usiseme kitu. Nakuomba. Najua umekuja kuniambia hakuiba."

Upepo mdogo uliokota vumbi, ukalipitisha baina yao, ukaliacha. Nyuma Koplo alikuwa anamwambia mtu asogee, asogee tena.

"Mpaka sasa hivi yuko mahali," dada alisema. "Amejificha, ana njaa, ananilaani kwa kutomtafuta. Ukisogea tu, hayupo. Sasa wewe usisogee."

Inspekta hakusogea. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mawili, hakuiba na hakukimbia, na ndugu mwingine yeyote angeyapokea kwa mikono miwili akashukuru. Aliyashika mdomoni, vumbi likimpanda viatuni, akangoja apewe ruhusa.